Maneno Yangu Umempa Mansuri

"Hizo siuzi, dada. Hizo ni za nguruwe."

"Astaghfirullah! Basi leo nguruwe atalala na njaa. Nipe zote."

Kicheko kilimtoka Winfrida kabla hajamtazama mteja vizuri. Ilikuwa Jumamosi, Soko Kuu la Morogoro limefurika, wapagazi wanapiga mluzi wapishwe na magunia yao. Mbele ya meza yake alisimama binti aliyevaa baibui lililopauka na raba nyeupe, begi la kompyuta amelikumbatia kifuani. Alikuwa akichambua karoti ambazo hakuna dalali anayezitaka, zile zilizobanana ardhini zikajisokota mbilimbili, huwezi kuzitenganisha bila kuzivunja. Winfrida huzirudisha kwao Mgeta, mlimani, kwa mifugo.

"Unazifanyia nini?"

"Filamu ya katuni. Naipiga karoti picha, naisogeza kidogo, napiga tena. Picha zikiunganishwa, inatembea."

"Karoti inatembea?"

"Na inapenda."

"Mh! Mjini kuna mambo. Haya, na dume ni ipi hapo?"

"Hakuna dume," alisema yule binti, Sabra jina lake, akimtazama machoni. "Wote wasichana."

Mwingine angecheka, au angemfukuza. Winfrida alizifunga karoti kwenye mfuko, akakataa kulipwa, akaomba namba ya simu.

Sabra alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa mwisho chuoni, na filamu ile ya dakika sita ndiyo iliyokuwa mtihani wake. Winfrida alimzidi mwaka mmoja. Karoti hunyauka haraka chini ya taa, kwa hiyo kila siku ya soko Winfrida alipeleka mpya kwenye chumba cha Sabra kule Kihonda. Baada ya wiki chache, hata karoti zilipokuwa zimetosha, aliendelea kwenda.

"Umekula, kipenzi?" aliuliza kwenye simu.

"Nimekula mate. Nasubiri karoti."

"Unazisubiri karoti au unanisubiri mimi?"

"Karoti. Wewe ni wa kuzibeba tu."

"Nikifika nitakufinya hadi useme kweli!"

Sauti za filamu walizirekodi wenyewe, wamejifunika blanketi ili kelele za bodaboda zisiingie. Sabra alikuwa karoti wa kwanza, Winfrida wa pili. Sehemu ya mwisho, mkulima anapokuja na jembe kuwatenganisha, Winfrida aliiweka karatasi chini. Alisema maneno yake mwenyewe, moja kwa moja, machozi yakimtiririka gizani.

"Wakitung'oa, watung'oe wote wawili. Sitaki kubaki na shimo lako ubavuni."

Sabra hakubadilisha hata neno.

Siku ya maonyesho chuoni Winfrida alishuka na gari la alfajiri. Alivaa kitenge cha njano kilichotoka kwa fundi juzi yake, na viatu alivyoazima. Akaketi safu ya tatu. Taa zikazimwa, karoti wawili wakatokea ukutani na nywele zao za majani, na wa kwanza akaongea kwa sauti ya Sabra. Winfrida akatabasamu peke yake. Kisha karoti wa pili akafungua kinywa, ikatoka sauti nzito ya mwanamume.

"Wakitung'oa, watung'oe wote wawili," ilisema sauti ile mwishoni. "Sitaki kubaki na shimo lako ubavuni."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mwalimu Deogratias, msimamizi wa Sabra, alitoa leso akafuta macho. Mimi ninayesimulia, nikifika hapa hasira hunipanda, sitaficha. Watu walewale ambao wangemzomea Winfrida hadi getini walikuwa wanalia kwa maneno yake, alimradi yametoka koo la mwanamume. Mwenye sauti, mwanafunzi mmoja aitwaye Mansuri, alipanda jukwaani akamwekea Sabra mkono begani. Kuna aliyepaza sauti, "Oaneni basi!" Sabra akacheka pamoja nao.

Winfrida alitoka. Simu ya Sabra aliipokea mara ya kumi, akiwa tayari njiani kurudi mlimani.

"Wini, nisikilize..."

"Yule ndiye bwana wako?"

"Mansuri? Mansuri ana mchumba wake Turiani! Niliazima sauti yake tu."

"Ukampa na maneno yangu. Yale hukuyaandika wewe, Sabra. Nilikwambia wewe, nikilia."

"Mwalimu alisema mmoja awe mwanamume, la sivyo haionyeshwi. Ningefukuzwa chuo. Na wewe wangekutambua kwa sauti. Mjomba wako angekutambua!"

"Mjomba ni wangu. Woga ni wako. Ungeniuliza!"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Na ulijua. Ndiyo maana hukuuliza."

Winfrida akakata simu. Wiki tatu nzima hakupatikana tena.

Chuo kikaichagua filamu iende kushindanishwa Dar es Salaam. Mwalimu Deogratias akamwita Sabra ofisini, akamsogezea fomu na kalamu.

"Saini hapa. Umetutoa kimasomaso."

"Naiondoa, mwalimu."

"Unaondoa nini?"

"Filamu. Hii siyo niliyoitengeneza."

"Binti, usinichezee. Bila hii huna mradi, na bila mradi unarudia mwaka."

"Nitarudia."

"Kwa ajili ya karoti?"

Sabra alikuja amejiandaa kuomba radhi. Neno lile likamchoma.

"Ulilia ukumbini, mwalimu, nilikuona. Maneno yaliyokuliza ni ya msichana. Alikuwa anamwambia msichana mwenzake."

Mwalimu aligeuka haraka kutazama mlangoni, kama kuna aliyesikia.

Kesho yake Sabra alipanda Mgeta. Ukungu ulikuwa mzito kwenye matuta, na raba nyeupe zilishaharibika kwa tope alipomkuta Winfrida anapalilia, mabuti miguuni.

"Umefuata nini?"

"Wewe."

"Kamtafute Mansuri. Si ndiye mimi siku hizi?"

"Ile nimeifuta, Wini. Nimekataa kusaini, narudia mwaka. Nimeleta ile yenyewe, yenye sauti yako."

"Unataka nikupigie makofi?"

"Hapana. Nataka uione."

Kabla Winfrida hajajibu, mama yake aliita kutoka nyumbani kwamba mgeni hasimamishwi kwenye baridi. Alikuwa ameketi na sinia la njegere, akimenya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kidude kina nini?"

Haikuwezekana kumwondoa. Sabra aliwasha kompyuta. Karoti walipoanza kutembea mama alicheka hadi njegere zikamwagika. "Hizi si za shambani kwetu!" Kisha karoti wa pili akaongea, na mama akaacha kucheka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Winfrida, huyu si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Unamwambia nani maneno mazito hivyo?"

Winfrida alikunja mikono, akamtazama Sabra, akamwachia ajibu. Uongo ulikuwepo mwingi wa kuchagua: ni igizo tu, ni kazi ya darasani.

"Ananiambia mimi, mama," Sabra alisema. "Na mimi nampenda."

Mama aliweka sinia chini. Kwao Waluguru ardhi hupita kwa mama kwenda kwa binti, na yeye alikuwa na binti huyu mmoja tu. Mjomba mtu, mwenye sauti kubwa kwenye ukoo, akisikia, mashamba yote yale yangekuwa na maneno. Aliwatazama wote wawili kwa zamu, usoni hana hata chembe ya furaha. Akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akarudi kuketi.

"Sijasema nimependa," alisema. "Lakini pale mwisho sikusikia vizuri. Irudishe."

Winfrida alikuwa bado na hasira, na hakuificha. Akavuta kigoda karibu na Sabra, akamwambia aongeze sauti.