Hesabu Hadi Thelathini

Jumamosi ya mwisho kabla ya Idi, mtaa wa maduka wa Mtendeni, Tabora mjini, haukuwa na pa kuweka mguu. Watu waligombania vitenge na viatu vya watoto, na katikati ya msukumano ule alipita mwanamke aliyekumbatia laptop kama aliyebeba mtoto mwenye homa. Alivaa gauni la kijani, mtandio wa manjano na mabuti ya mpira yenye matope makavu. Alinukia moshi na asali. Mwenye toroli alimpiga kikumbo, akaangukia meza ya Uwesu, fundi wa kompyuta, na bisibisi zote zikamwagika chini.

"Afadhali," alisema bila hata kuomba radhi. "Nilikuwa natafuta fundi."

Jina lake lilikuwa Tunu, afisa nyuki wa kata ya Ipole, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi kutoka Tabora mjini. Laptop yake ilizungusha feni vizuri lakini haikuonyesha kitu. Uwesu aliifungua mgongo, akachomoa RAM, kile kijikadi cha kumbukumbu, akayasugua meno ya kadi hiyo kwa ufutio wa mwanafunzi, akaipachika tena mpaka ikalia ta. Kioo kikajaa picha za mizinga ya nyuki.

Katika mazungumzo alimwuliza kwao wapi. Tunu aliposema Kisarawe, kwamba yeye ni Mzaramo, Uwesu aliweka bisibisi chini akatabasamu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hukwambia atakalo, nawe huna ruhusa ya kununa.

"Babu zangu walifika kwenu na pembe za ndovu mabegani, mkawanyima hata maji," Uwesu alisema. "Kwa taabu ile, kuanzia leo wewe ni mke wangu. Mahari ilishabebwa."

"Mume gani hawezi hata kuokota bisibisi zake?" Tunu alimjibu.

Walicheka. Kabla hawajaachana, Uwesu alimwambia asipoteze siku nzima barabarani kwa ubovu mdogo. Mengi hutengenezeka nyumbani, yeye apige simu tu. Alisema hivyo kwa huruma ya fundi, na pia kwa sababu alikuwa ameyapenda yale mabuti.

Simu zikaanza. Mara chaja ilikuwa inashika na kuachia, Uwesu akamfundisha kuijaribu kwenye soketi nyingine kabla ya kulaumu betri. Mara laptop ilipata moto ikajizima, akamfundisha kuiinua kwa vitabu viwili ipumue na kutoa vumbi kwenye feni kwa brashi laini. Herufi zilipogoma kwa sababu ya asali, alimwelekeza kuzisafisha kwa pamba na spiriti. Ilipokataa kabisa kuwaka alimpa dawa ambayo mafundi wote huanza nayo: chomoa chaja, toa betri, minya kitufe cha kuwashia, hesabu hadi thelathini, achia, rudisha, washa.

Tunu alihesabu kwa sauti, taratibu. Mjini, katika nyumba ya vyumba vinne waliyomwachia wazazi wake na ambayo dada zake wote walishaolewa wakaihama, Uwesu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumsikiliza. Alipofika kumi na saba Tunu alinyamaza.

"Endelea," Uwesu alisema.

"Nilikuwa nasikiliza kama upo."

"Nipo."

Tangu hapo laptop iliharibika kila wiki, na tuseme ukweli, siku nyingine haikuwa na ubovu wowote. Upweke ulikuwa unamla Tunu. Mchana alikuwa na wafugaji nyuki, wakitaniana vizuri tu, lakini jua likianza kushuka kila mmoja alirudi kwake, na ndani ya nyumba zao walizungumza Kinyamwezi asichokielewa. Yeye alirudi kwenye chumba cha nyumba ya watumishi, akapika wali wa mtu mmoja, akala amesimama. Simu ya Uwesu ilimfanya akae chini.

Miezi minane ilipita hivyo. Jumapili moja asubuhi, Uwesu, ambaye usiku ule hakupata usingizi, alipiga yeye. Hakuuliza habari za laptop.

"Tunu, nataka kukuoa."

Tunu alicheka. "Mtani, umeshanioa mara ngapi?"

"Sitanii."

"Hivyo ndivyo watani wote wanavyosema."

Uwesu alisema, "Haya," akakata simu. Moyo ulimuuma. Aliamini kwamba mwanamke ambaye hakutaka kumkataa usoni ameamua kumkataa kwa kicheko, na mtu mzima akiambiwa hivyo hurudi kazini kwake.

Huko Ipole, Tunu aliweka simu chini kwa furaha. Kwao mtani anaweza kukuoa kwa mdomo kila siku. Akikusudia kweli huleta watu. Basi akafagia nyumba mpaka nyuma ya mlango. Akanunua mkeka mpya wa kuwakalisha wageni. Aliutandika Ijumaa, akaukunja Jumatatu, akautandika tena Ijumaa iliyofuata. Hakuja mtu. Kupiga simu alitaka, lakini mwanamke ataulizaje kwa nini hajaposwa? Laptop ilipogoma aliitengeneza mwenyewe, maana alikuwa amefundishwa vizuri mno, na hilo nalo lilimliza.

Miezi mitatu ilikatika bila hata salamu. Kisha Ijumaa moja mchana, Uwesu akiwa ndiyo kwanza amerudi mezani kutoka msikitini na kanzu yake nyeupe, simu yake iliita.

"Samahani kwa usumbufu, fundi," Tunu alisema. Hakusema mtani. "Kioo kimekuwa cheusi. RAM nimeisugua, nimehesabu thelathini, wapi. Kuna fomu natakiwa kuituma kabla ya saa kumi."

Uwesu alimwambia aweke simu kwenye spika, awashe tochi yake na kumulika kioo kwa upande, karibu kabisa. Akamwuliza anaona nini.

"Maandishi. Hafifu sana."

"Yasome."

Tunu alisita, kisha akasoma: "Nakubali uhamisho wa kwenda Kisarawe."

Uwesu alitazama meza yake. Neno moja tu, imekufa, na saa kumi ingempita Tunu akiwa Ipole. Nani angejua? Alilionja neno lile mdomoni. Alimpenda, alikuwa peke yake duniani, na nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne.

"Laptop yako ni nzima," alisema mwishowe. "Kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo tu. Tafuta televisheni na waya wa HDMI, uiunganishe. Utaona kila kitu."

Jirani wa Tunu, Eustadia, muuguzi wa zahanati, alikuwa na vyote viwili. Alimwachia sebule akaenda zamu. Uwesu alisubiri kwenye simu mpaka Tunu akasema ameona, tena herufi kubwa kuliko kawaida.

"Kwa nini hukuniambia imekufa?" Tunu aliuliza.

"Sikudanganyi. Hata ile Jumapili sikukudanganya."

"Kwetu mtu akitaka kuoa kweli huleta watu, Uwesu. Nilinunua mkeka. Nimeutandika kila Ijumaa, mpaka nikaona haya kuutazama."

Uwesu alifumba macho. "Mimi nilidhani umenikataa."

"Nilikujibu kama mtani anavyojibiwa. Ulitaka nijibu vipi?" Sauti yake ilikatika kidogo, ikarudi. "Mama yangu miguu imevimba, na Kisarawe hana mtu. Natuma hii fomu. Lakini watu wenu walifika pwani kwa miguu, na wewe una treni."

Akatuma, akakata simu.

Uwesu hakungoja alasiri. Alifunga meza, akapanda bodaboda mpaka Kwihara kwa mama yake mdogo, Mwamvita, aliyekuwa anang'oa karanga. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamweleza yote. Mwamvita alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha jembe.

"Umeposa kwa simu," alisema. "Tena mtani wako. Una bahati mama yako hayupo kuyasikia haya." Kisha akaenda kutafuta khanga zake za heshima.

Wiki sita baadaye, Tunu akiwa ameshahamia kwao, Uwesu na Mwamvita walishuka Kisarawe, vumbi la safari mwilini. Wazaramo hawakuwakawiza. Mlangoni waliwanyang'anya mabegi, wakamtwika Uwesu gunia la nazi na kumzungusha nyumba mara mbili kwa heshima ya babu zake, huku wakimnyima maji. Jasho lilimtoka, na hakuruhusiwa kununa.

Mwamvita alipoingia ndani alivua viatu, akaweka kopo la asali ya Ipole mbele ya Bi Swaumu, mama yake Tunu, aliyekaa na miguu yake juu ya mto.

"Utani tumeuacha barazani," alisema. "Humu ndani tumeleta posa."

Kicheko kikakoma. Bi Swaumu alijikongoja nyuma ya pazia kwenda kumwuliza mwanawe, na Uwesu akabaki ameinamisha kichwa. Hapo ndipo alipoutazama mkeka alioukalia. Ulikuwa mpya, wenye alama nyingi za kukunjwa, na ulinukia moshi na asali. Ulikuwa umesafiri njia nzima, kutoka Ipole mpaka pwani, bila kukaliwa na mtu.

Hakujua la kufanya, akafanya lile alilolizoea. Moja, mbili, tatu, alinong'ona. Nyuma ya pazia hapakusikika kitu. Kumi na saba alipumzika kidogo, akaendelea. Alipofika ishirini na tisa alinyamaza, maana aliogopa kumaliza.

"Thelathini," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Mama, waambie nimekubali."

Mwamvita alimkazia macho mwanawe, asielewe kilichohesabiwa, kisha akaomba maji. Safari hii waliletewa.