Nani Yumo Chumba cha Nyuma?

Jua lilikuwa linazama Fundi alipofunga kufuli la chumba cha nyuma, akalivuta kuhakikisha, kisha akatoka kwenda dukani kununua maziwa na biskuti za wageni.

Humo chumbani alimwacha kaka yake.

Tusimwonee. Chakula alikuwa amempa, shuka amembadilishia, na redio ameiacha ikiongea kwa sauti ya chini. Huyo kaka ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Ndiye aliyemkalisha kwenye cherehani miguu yake ikiwa bado haijafika kwenye pedali, akamfundisha kazi mpaka watu wakamwita Fundi na jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Lakini kiharusi kilimpiga yule bwana kikamwacha nusu. Mdomo ulienda upande, maneno yakakata, mguu mmoja akawa anauburuta. Siku moja bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni alimwona akitokea mlangoni. Alipiga ukelele, akakimbilia barabarani na pini zake kiunoni.

Tangu siku hiyo Fundi akaanza kumwonea haya. Watu wakimuulizia, alijibu, "Amehamia kwa ndugu zetu, huko atapata wa kumwangalia." Uongo ulimtoka laini hata mwenyewe akashangaa.

Nje ya duka alisimama mwanamke mmoja, kakumbatia furushi lililofungwa kwa gazeti.

"Samahani, dada. Nasikia leo kwako mnakutana wasomaji."

"Ndiyo. Nani kakuelekeza?"

"Nimesikia tu."

Fundi alimtazama nguo kabla ya uso, ndivyo mafundi walivyo. Gauni lilikuwa limepigwa bandi tu, ile mishono mirefu ya uzi mweupe inayoshikilia nguo kwa muda, ijaribiwe kwanza kabla ya kushonwa. Nani anatoka nyumbani na nguo ya bandi? Tena alinuka... udongo. Udongo uliotoka kufukuliwa sasa hivi.

"Karibu basi," Fundi alisema. Kumfukuza mgeni mbele ya muuza duka aliona aibu.

Sebuleni, katikati ya vitambaa na sanamu ya kupimia nguo, Nesi na Kinyozi walikuwa wameshajikaribisha. Kila mwisho wa wiki walikutana hapo, kila mtu akieleza anachosoma na kuwashawishi wenzake. Mgeni alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa chumba cha nyuma. Alipewa chai, akaishika, hakuinywa.

"Mimi nipo na riwaya ya upelelezi," Kinyozi alianza. "Muuaji ni mpishi."

"Umeshaimaliza?" Nesi akauliza.

"Nimeanzia mwisho. Sipendi presha."

"Wewe bwana huna maana kabisa! Mimi yangu ya mapenzi. Wanagombana tangu ukurasa wa kwanza, naomba waachane nipumzike." Nesi akamgeukia mwenyeji. "Halafu shoga, kaka hajambo huko aliko?"

"Hajambo. Anawasalimia sana."

Ti. Ti. Ti.

Kinyozi akainua kichwa. "Nini hicho?"

"Panya," Fundi akajibu, uso mkavu.

Haikuwa panya. Ilikuwa subana, ile kofia ya chuma ambayo fundi huvaa kidoleni sindano isimchome. Kaka yake alikuwa nayo siku kiharusi kilipompiga. Kidole kikavimba, ikagoma kutoka. Sasa ndiyo ilikuwa sauti yake. Akitaka maji, aligonga. Akiwa na hofu, aligonga.

"Haya, zamu yako," Nesi alisema.

Fundi alijiweka sawa. Kitabu chake kilikuwa cha misukule, na alijua Kinyozi angecheka. Akacheka kweli.

"Wafu wanaotembea? Dada, na ukubwa huo?"

"Ngoja nikusimulie. Humu hakuna kutafunana shingo. Ni kijana alifungwa jela, akarudi kwao. Baba yake anamwonea haya, anamficha ndani. Jioni moja mchawi anabisha hodi. Huyo mchawi hawezi kumchukua mtu mwenye wenyewe. Lazima aulize kwanza, nani yumo humo? Baba anajibu hakuna mtu. Basi. Kijana anachukuliwa, anakuwa msukule, anasaga nafaka za mchawi usiku na mchana. Mama yake anakuja kumtambua kwa jinsi anavyokunja mikono ya shati. Niliilia hiyo sehemu. Mwandishi anakuonyesha kwamba msukule naye ni mtu. Alikuwa na watu wake, wakamkana. Someni, jamani. Kinafundisha utu."

Nesi alifuta macho.

Ti. Ti. Ti.

Na sasa mguu. Kwaruuu... kwaruuu... ukisogea kuelekea mlangoni.

Fundi akahisi uso unamuungua. Alikuwa ametoka kulilia mtu wa kwenye karatasi, na wa kwake yumo chini ya kufuli. Alijiona mnafiki asiye na mfano. Akasema moyoni, wakiondoka tu nitamfungulia, nitamleta huku akae nasi wiki ijayo.

Wakiondoka tu.

Mgeni aliweka kikombe chini. Hakuwa amesema neno tangu aingie. Aliuelekeza uso wake kwenye mlango ule, akauliza taratibu, karibu kwa kunong'ona:

"Nani yumo humo?"

Fundi alielewa. Msidhani hakuelewa. Jibu la kweli lilimfika mpaka kwenye meno. Ni kaka yangu. Maneno matatu tu. Lakini Nesi alikuwa akimwangalia, yule yule aliyetoka kuambiwa anasalimiwa. Kinyozi naye alikuwa akimwangalia. Wangeliona kufuli. Wangeijua harufu ya mle ndani.

Ti. Ti...

"Hakuna mtu," Fundi alisema. "Ni stoo tu."

Ti ya tatu haikuja.

"Ahsante," mgeni akasema. Akainuka na furushi lake, akatoka bila kuaga.

Nesi na Kinyozi waliondoka muda si mrefu baadaye, wakisema kumeingia baridi ya ghafla. Fundi alikwenda kuondoa vikombe. Kwenye kiti cha mgeni, juu ya mto, palikuwa na kitu kidogo kinachong'aa.

Subana.

Alifungua kufuli. "Kaka? Kaka, nisamehe, nimekuja..."

Kaka yake alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka. Mdomo umerudi mahali pake. Mguu umekaa sawa na mwenzake. Kidole kilikuwa chembamba, kizima, hakina alama. Kama si macho, ungesema amepona. Macho yalimpita Fundi yakaenda ukutani.

Akafungua mdomo. Sauti ilitoka safi, haina kigugumizi, sauti ile ile iliyomfundisha kutia uzi kwenye sindano.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni stoo tu."

Kesho yake Nesi aliitwa kumpima, Fundi akakiri kwamba kaka hakuhamia popote. Alisema viharusi vingine huachia, ingawa hajawahi kuona kikiachia namna hii. Kuhusu yule mwanamke, yeye alidhani ni mteja wa Fundi, na Kinyozi alidhani ni mwenzake Nesi wa kazini. Muuza duka alisema jioni ile Fundi alisimama pale nje akiongea peke yake.

Sasa mlango wa chumba cha nyuma hauna kufuli. Kaka anakaa sebuleni kwenye cherehani ya zamani, pembeni yake kitambaa na sindano. Hali chakula mpaka alishwe. Usingizi hana. Anashona kutwa kucha kwa mkono, na kila anachoshona ni bandi, mishono mirefu ya uzi mweupe, magauni yasiyo na mwenyewe. Asubuhi hayapo. Fundi haulizi yanakwenda wapi.

Akiingia mteja, kabla hata ya salamu, Fundi huwahi kusema, "Huyu ni kaka yangu. Ndiye aliyenilea." Wateja husema hongera, amepona. Yeye huinamisha uso.

Na kila jua likizama hutoka nje, husimama kwenye kizingiti, na kuiambia barabara kwa sauti majirani waisikie: "Yumo! Kaka yangu yumo humu ndani!"

Hakuna anayemuuliza tena.