Cuddy Stobbs na Neno la Langoni

Kila jioni Winnie Stobbs alimpelekea mumewe chai bustanini. Aliitia kwenye chupa, akaivisha chupa soksi ya sufu ili chai isipoe. Soksi ilikuwa safi. Karibu safi.

Bustani zilikuwa nyuma ya kijiji, kati ya reli na kilima cha vifusi vya mgodi. Kila mwanachama alikodi kipande chake na kukizungushia ua wa mbao kuukuu. Cuddy alichimba makaa ya mawe tangu ujana wake. Kifua kilipojaa vumbi, mgodi ukamrudisha nyumbani.

"Kaa nje," daktari alimwambia. "Vuta hewa safi. Shughulisha mikono. Ukijikunja jikoni utaisha."

Basi Cuddy akaoa bustani, na Winnie akawa mke wa pili. Hakulalamika. Mwanamume akishinda jikoni kutwa, hata birika linamchoka.

Cuddy alilima liki. Liki ni ndugu wa kitunguu, ila ana shingo nene nyeupe. Katika vijiji vile vya Durham, kaskazini mwa Uingereza, mtu hulima kabichi ili ale, na hulima liki ili aheshimiwe. Kila Septemba liki zililetwa klabuni na kupimwa unene, na washindi walipewa vitu vya nyumba, kama blanketi au kabati.

Mwaka juzi alishinda Wilf Heslop, mfuga njiwa, ambaye bustani yake ilipakana na ya Cuddy. Cuddy akasema mbele ya watu kwamba liki za Wilf zimeneneshwa kwa bia.

"Bora liki zangu zilewe kuliko mwenye liki," Wilf akajibu, akimtazama Cuddy na glasi yake.

Klabu nzima ikacheka. Winnie naye alicheka kidogo, kwenye leso. Cuddy hakucheka, na tangu siku ile hakumsemesha Wilf hata neno moja.

Jioni moja ya Agosti Winnie alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa mbele ya kibanda, akimngoja Cuddy amalize chai. Sauti ya Wilf ikaja kutoka ng'ambo ya ua.

"Stobbs! Wewe Stobbs!"

Cuddy akaanza kupiga mluzi wimbo wa kanisani.

"Anakuita," Winnie alisema.

"Nani?"

"Wilf."

"Sisikii mtu. Nasikia njiwa."

"Stobbs! Hebu sikiliza, bwana! Huko nyuma ya kibanda chako..."

Cuddy aliongeza mluzi mpaka kifua kikambana, akakohoa ubeti mzima. Wilf akanyamaza. Baadaye kidogo mbwa wao Duchess, mbwa mwembamba wa mbio, alitokea nyuma ya kibanda. Alikuwa na tope mpaka puani, anatikisa mkia kama ametoka harusini. Winnie akampangusa kwa aproni, wakaenda nyumbani.

Asubuhi Cuddy alitangulia bustanini. Winnie alikuwa anakata mkate wakati mke wa Wilf alipogonga dirisha kwa nguvu.

"Winnie! Njoo umchukue mzee wako kabla sijamwita polisi!"

Winnie alikimbia na kisu cha mkate mkononi. Alikikumbuka njiani, akakificha chini ya aproni.

Cuddy alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kibanda cha njiwa cha Wilf. Ameshika sepetu. Hakupiga kelele. Hakutukana. Alisimama tu, kama nguzo. Ndani ya kibanda njiwa walikuwa wanapigapiga mabawa, na kwenye tundu lao lilionekana jicho moja la Wilf.

"Winnie, mama, mwondoe!" jicho lilisema. "Niko humu tangu alfajiri, na nimebanwa na haja!"

"Cuddy, unafanya nini?"

"Nasubiri," Cuddy alijibu. "Liki zangu zimevunjwavunjwa. Mtaro mzima nilimozipanda. Namsubiri aliyezivunja atoke tuzungumze."

"Na sepetu ni ya kuzungumzia?"

Cuddy alikaza mikono kwenye mpini. Winnie alimshika mkono akamvuta. Mlango ukafunguka nyuma yao, na Wilf akapita mbio kuelekea kichakani. Kwa umri wake, alikimbia vizuri sana.

Mchana habari ilikuwa imeifikia kamati ya bustani. Wangekaa Jumamosi. Langoni palikuwa na ubao wa tangu enzi za mababu: *Kila mwanachama ashike kipande chake na akifurahie kwa amani. Asiyekaa kwa amani, atoke.* Kwa Kiingereza chao, pale penye amani paliandikwa peaceably, neno la kizee. Watu walilipita kila siku kama wanavyopita nguzo ya taa. Sasa kamati ilikuwa imelikumbuka. Cuddy angenyang'anywa bustani.

Winnie hakuogopea liki. Aliogopea kile kifua. Alimwona mumewe amekaa kwenye kiti cha jikoni, mabega yamekunjamana, anahema kwa shida. Jumatatu hadi Jumapili ingekuwa hivyo, mpaka mwisho.

"Mimi nilikaa kwa amani," Cuddy alisema. "Nilimgusa? Sikumgusa. Nilimpigia kelele? Hata sauti sikupandisha. Waniondoe kwa lipi?"

"Vaa koti," Winnie alisema. "Tunaenda kununua soseji."

Bucha la kijiji lilikuwa la Bi Ada Garthwaite na mumewe. Siku nyingi Bi Ada alipima nyama. Siku moja moja alipanda basi kwenda mjini, akakaa mahakamani kuamua kesi ndogo ndogo. Kule Uingereza mtu wa kawaida huweza kuchaguliwa kuwa hakimu wa namna hiyo. Huitwa hakimu wa amani, na hapewi mshahara. Wezi wa kuku walimwogopa Bi Ada, kwa sababu kuku aliwajua ndani na nje.

Alisikiliza kisa chote huku anafunga soseji kwenye karatasi.

"Ulisimama na sepetu mlangoni pake," alisema.

"Kimya," Cuddy alisema.

"Ng'ombe akisimama mlangoni naye hukaa kimya, Cuddy, lakini hutoki. Lile neno la langoni unajua maana yake?"

"Amani ni amani. Hakuna kupigana."

"Hiyo ni nusu. Mimi mwenyewe nililisikia mahakamani miaka mingi kabla ya kuuliza. Karani akanionyesha kwenye kamusi kubwa. Zamani sana watu wa nchi hii walikuwa na neno lao la amani, frith. Kisha wakaja mabwana kutoka Ufaransa na farasi na mapanga, wakaiteka nchi, wakachoma vijiji hata huku kwetu kaskazini. Na ndio hao hao waliotuletea neno jipya la amani, peace."

"Walikuwa na haya kweli," Winnie alisema.

"Hawakuwa nayo kabisa. Wao walilipata kutoka Kilatini. Kutoka hapo likazaliwa neno la mtu anayependa amani, na baadaye hili la langoni. Lina zaidi ya miaka mia sita katika Kiingereza. Halisemi tu kwamba hakuna vita. Linasema namna ya kufanya jambo. Unaingia kwa mtu vipi? Unadai haki yako vipi? Mikono yako imeshika nini, na mwenzako akikuona anaogopa? Mahakamani hatungoji damu. Tunauliza kama mtu alikuwa na sababu ya kuogopa."

"Wilf alikuwa nayo," Winnie alisema. "Aliiacha kichakani."

Cuddy alimtazama mkewe vibaya. "Lakini ubao unasema nikifurahie kipande changu. Mimi ndiye niliyeharibiwa!"

"Maneno hayo yanatoka kwenye mikataba ya zamani ya kukodi ardhi," Bi Ada alisema. "Mwenye ardhi alimwahidi mpangaji: lipa kodi yako, nawe utakaa bila kusumbuliwa. Ni ahadi nzuri. Sasa niambie, Wilf halipi kodi?"

"Analipa."

"Basi ahadi ni yake pia. Leo asubuhi alikifurahia kipande chake?"

Cuddy alizitazama soseji. Hazikumsaidia.

"Na ile miaka ambayo sikumsemesha?" aliuliza mwishowe. "Hiyo si amani? Sikumsumbua hata kidogo."

"Hiyo ni vita ya wavivu. Mnapigana huku mmekaa."

Winnie alicheka, safari hii bila leso.

"Fanya hivi," Bi Ada alisema. "Nenda mchana, watu wakiona. Mikono mitupu. Simama langoni kwake, umwite kwa jina, ungoje akukaribishe. Anza na kosa lako. Kisha mwambie ulichokiona, si unachokidhania. Usiseme 'umenivunjia liki'. Sema 'nimekuta liki zangu zimevunjika, wewe umeona nini?' Halafu funga mdomo mpaka amalize. Mkishindwa, niiteni nikae kati yenu. Ndiyo kazi yangu, na chai nanywa popote."

"Na akinitukana?"

"Utamjibu kesho. Tusi halichachi."

Kesho yake Cuddy alisimama langoni kwa Wilf. Winnie alisimama nyuma yake, maana mumewe alikuwa na tabia ya kurudi nyuma. Mikono mitupu ilimsumbua. Aliitia mfukoni, akaitoa.

"Wilf," aliita. Jina lilitoka kwa kukwaruza, kama bawaba ya zamani.

Wilf alitoa kichwa kibandani. "Sepetu iko wapi?"

"Nyumbani."

"Na Winnie ameshika nini?"

Winnie akainua mikono yote miwili.

"Haya. Ingieni."

Cuddy alivua kofia. "Jana nilikutisha. Nilikosea. Nilikufungia ndani ya mahali pako, na sikuwa na haki hiyo." Akavuta pumzi. "Nimekuta liki zangu zimevunjika. Wewe umeona nini?"

Kisha akafunga mdomo. Winnie aliona jinsi taya lilivyomuuma.

Wilf alitoka kibandani akifuta mikono. "Nimeona nini?" alisema. "Nimemwona yule mbwa wako anafukuza panya ndani ya mtaro wako. Amepiga liki kama anacheza dansi. Nilikuita nikakuita! Nikasema, huko nyuma ya kibanda chako! Nawe unanipigia mluzi wa kanisani!"

Winnie aliikumbuka aproni yake. Tope lile lilikuwa na harufu ya kitunguu, naye alikuwa amelifua asubuhi hiyo bila kuwaza.

"Duchess?" Cuddy alisema kwa sauti ndogo.

"Duchess. Ungegeuka mara ya kwanza nilipokuita, ungepoteza liki moja. Labda mbili."

Cuddy alikaa juu ya ndoo ya Wilf bila kukaribishwa. "Ile kauli yangu ya mwaka juzi, klabuni," alisema. "Ya bia. Sikuwa na ushahidi."

"Ulikuwa na bia," Wilf alisema. Kisha naye akakaa. "Lakini nilikujibu vibaya mbele ya watu. Hilo nalo ni langu."

Jumamosi wanakamati walikaa mezani na nyuso za mazishi. Cuddy na Wilf wakaingia mlango mmoja, wakasukumana kidogo nani atangulie. Cuddy alisimama akasema kosa lake, lote, hata habari ya haja. Wilf akasema hana tena malalamiko, ila mbwa afungwe kamba. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyewapatanisha.

"Soseji," alisema Winnie kutoka nyuma.

Kamati ilimwachia Cuddy bustani yake. Ikaamua pia kwamba kuanzia siku ile, mwanachama mwenye neno na mwenzake aende kwanza kuongea naye langoni kwake, mikono mitupu, kabla ya kuja kwa kamati. Wakaandika hivyo chini ya ubao wa zamani, kwa maneno mepesi ambayo hata mtoto angesoma.

Septemba Cuddy hakuwa na liki ya kupeleka klabuni. Alimbebea Wilf za kwake, kifuani kama mtoto mchanga. Wilf alipata nafasi ya pili. Akapewa blanketi, na mkewe akalipeleka kwa Winnie kwa ajili ya kile kifua.

Siku hizi bustani zile zina kelele kuliko zamani. Wanabishana kuhusu samadi, wanabishana kuhusu njiwa, wanabishana hata kuhusu mvua itanyesha saa ngapi. Winnie akija na chai huwasikia tangu kwenye reli. Hana wasiwasi. Bi Ada alipita siku moja, akasimama chini ya ubao, akasikiliza yale makelele, akatikisa kichwa kukubali kama mtu aliyepima nyama ikatoka sawa.

"Stobbs!" sauti inaita ng'ambo ya ua. "Wewe Stobbs!"

Na Cuddy, hata kama mdomo umejaa mkate, hugeuka.

"Nini tena?"