Kitambaa Juu ya Waya

Mimi ni fundi cherehani na matope siyapendi. Nasema mapema ili mjue sikwenda kule kwa kiherehere changu. Mdogo wangu, mwalimu wa hesabu, ana wazimu wake mvua ikinyesha: anatafuta njia mbovu kuliko zote na kuingiza gari. Jumamosi ile alikuja asubuhi na rafiki yake fundi umeme, tunayemwita Bonge, kila mtu na gari lake. Wakanibembeleza mpaka nikafunika cherehani.

"Dada, kila siku pindo na zipu, utazeeka umekaa," akasema mdogo wangu. Nikapanda gari la Bonge.

Saa nne tulikuwa bondeni, mvua imekatika, jua limetoka. Wanazama, wanachomoka, wanacheka, matope yanaruka hadi juu ya paa. Nami nilicheka, sitaki kusema uongo. Kisha gari la mdogo wangu likazama mpaka milangoni, likagoma kabisa.

Kwa watu wa mchezo ule hilo si jambo la kuwatoa jasho. Gari la Bonge lilikuwa na winchi, ile mashine ya kuvutia, mbele, na waya wake wa chuma ukafungwa kwenye gari lililokwama. Ila wana sharti moja: kabla ya kuvuta, wanatandika kitu kizito juu ya waya, kwa sababu ukikatika unaweza kuruka na kumkata mtu shingo. Wao hutumia blanketi kuukuu. Siku hiyo blanketi lilikuwa kwenye kamba yangu ya nguo barazani, maana mdogo wangu aliliacha kwangu limeganda matope, nami jana yake nikalifua. Usafi wangu ukatuponza.

"Pale kuna kitambaa," akasema mdogo wangu.

Kando ya njia kulikuwa na mti uliozungushiwa kitambaa kizito cheusi, fundo mbele. Nyuma ya shina kitambaa kilikuwa kimetuna, nikadhani ni nundu ya mti. Mdogo wangu akafungua fundo, akakikung'uta, akakitandika juu ya waya. Nilimsaidia kukinyoosha. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na kitambaa kilikuwa kikavu, tena kina joto. Nikatazama shina. Hapakuwa na nundu yoyote.

Ningesema kitu. Niliogopa kuchekwa, nikasogea mbali na waya.

Mdogo wangu akarudi kwenye usukani, winchi ikavuta, gari likatoka. Akashuka, akasimama kwenye matope ameinama kidogo, mikono ameiweka nyuma. Alikuwa akiyumba taratibu, kushoto, kulia, kushoto.

"Mgongo unakuuma?" nikamuuliza.

"Shh," akanong'ona. "Dada, amelala."

Bonge akacheka. Mimi nimelea watoto, kule kuyumba nakujua. Na ule ufungaji nikautambua nikiwa nimechelewa: fundo mbele, uzito nyuma. Ile ilikuwa mbeleko. Kuna mtu aliubebesha ule mti mtoto, na sisi tulikuwa tumemfungua.

Hapo ndipo nilipoona miguu yake. Sote tulisimama sehemu moja, matope yanatufika kwenye vifundo. Yeye yalimfika magotini. Nikapepesa macho. Yakawa mapajani.

"Anazidi kuwa mzito," akanong'ona. Machozi yalimtoka lakini hakuacha kuyumba.

Bonge akamshika kwapani akavuta kwa nguvu zake zote. Hakusogea. Matope yakafika kiunoni. "Tumfunge waya," Bonge akasema. Nikakataa. Waya ungemkata vipande viwili.

Nikanyakua kitambaa, nikakimbilia mtini, nikakizungusha shinani na kufunga fundo. Kikalegea, kikaanguka. Hakikuwa na cha kushika. Nikageuka nyuma. Matope yalikuwa yamefika kifuani.

Yule nimemlea mimi. Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa na miaka miwili, na mgongo wa kumbeba ukawa wangu. Sikufikiri. Nikainama, nikatupia kitambaa mgongoni, nikafunga fundo kifuani, nikasema yale maneno ambayo midomo yangu inayajua yenyewe.

"Haya, njoo. Njoo kwangu, mama akubebe."

Kitu kikanipanda mgongoni. Polepole. Kwanza mikono shingoni, ya baridi. Kisha tumbo. Kisha pumzi nyuma ya sikio. Sikugeuka. Nilimsikia Bonge akivuta tena, na mdogo wangu akatoka mara moja, wote wawili wakaanguka chali.

Nikatembea kinyumenyume hadi mtini, nikaegemeza mgongo kwenye shina, nikahamisha kitambaa kikiwa bado kimetuna. Nikakaza fundo mara tatu. Mgongo ukawa mwepesi. Tukapanda magari, tukaondoka.

Mdogo wangu ni mzima. Anafundisha, anakula, anataniana na wanangu. Hakumbuki chochote zaidi ya kukwama. Nikimtazama nashukuru, na ningefanya vilevile tena.

Ila jioni ile nilipovua gauni, mume wangu aliniuliza nani kanipiga mateke. Usawa wa kiuno, kila ubavu wa gauni, kulikuwa na alama ya matope. Visigino viwili vidogo. Nikafua. Kesho yake nikavaa gauni jingine, nikashinda nimekaa kwenye cherehani, na ilipofika mchana alama zilikuwepo. Tangu hapo ni kila siku, hata kiangazi, na matope ni mabichi. Sijamwambia mdogo wangu. Nafua tu.

Jana nilichukua futi yangu ya kupimia wateja, nikapima. Alama zimeshuka kutoka kiunoni hadi mapajani, na kisigino kimeongezeka inchi nzima. Anakua.