Shubiri Moja ya Mshono

Kila alasiri, baada ya shule, Kouraichia alikaa kibarazani kwa Mama mkubwa Sittou, kule Andilana katika kisiwa cha Nosy Be, akichambua sufi. Kazi hiyo si ngumu, ila inachosha. Unalipasua tunda kavu la msufi, unatoa mbegu moja moja, unaitia sufi kwenye pakacha na kuifunika upesi kabla upepo haujaichukua. Alipomaliza, nywele na nyusi zake zilikuwa nyeupe tupu.

"Kwezi, Koko!" wenzake walimtania wakipita. Kwezi ni salamu ya Wakomoro kwa wakubwa, na Koko ndivyo wanavyomwita bibi. "Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo. Wamesema unawe pua," Kouraichia alijibu bila kuinua kichwa.

Mwaka huo, 1962, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Godoro lililokuwa likishonwa lilikuwa la binamu yake Echata, aliyekuwa akiolewa Ijumaa huko Tanambao, mtaa wa mji wa Mahajanga. Katika ukoo wao godoro la bibi arusi halinunuliwi dukani. Hushonwa na ndugu wa mama yake, na Sittou ndiye aliyekuwa dada mkubwa wa mama yake Echata.

Sittou alikuwa na kanuni moja, na aliirudia mpaka ikachosha kuliko kuchambua sufi: "Anayeshindilia ndiye anayefunga. Godoro lisilojulikana limefungwa na nani halijulikani lina nini."

Waliondoka Jumapili asubuhi kwa motaboti. Godoro lilikuwa limeshonwa pande zote isipokuwa shubiri moja ubavuni. Sittou aliiacha wazi makusudi. Sufi hunyonya unyevu wa bahari, kwa hiyo godoro likifika bara huanikwa kwanza, ndipo hufungwa.

Walishuka Antsahampano, bandari ya bara, wakalitandaza godoro juani karibu na gari la abiria lililokuwa likipakia mizigo. Kidole gumba cha Sittou kilikuwa kimevimba tangu kilipochomwa na sindano wiki iliyopita, hakikuweza kushika kitu.

Abiria mwenzao aliyejiita Fazul, mtu mcheshi mwenye kofia ya ukindu, alikuja kuwasalimu. Akampa Sittou ndizi kwa mkono wa kushoto. Sittou aliitazama ndizi, kisha akamtazama mwenye ndizi.

"Mwanangu, mkono wa kulia umeuacha kwenu?"

Abiria wengine wakacheka. Fazul naye akacheka, akaihamishia ndizi mkono wa kulia. Sittou akaipokea, akashukuru.

Adhuhuri ilipoingia, Sittou alimkabidhi Kouraichia sindano ya kawaida na uzi. "Mimi naenda kusali. Funga hapo. Mishono ya karibu karibu, kama nilivyokufundisha."

Kouraichia alishona mishono miwili. Nyuma ya ghala makuli walikuwa wakicheza mpira na madereva, na makelele yao yalimfikia.

"Bao!" mtu alipiga ukelele.

"Nenda katazame," Fazul alimwambia kwa upole. "Mimi nimeshona matanga miaka kumi. Shubiri moja ni kitu gani? Mama akirudi mwambie umeshona wewe. Mimi sina neno."

Kouraichia aliutazama ule uwazi, akatazama upande wa ghala. Akampa sindano.

Aliporudi, godoro lilikuwa limefungwa, na Fazul alikuwa amelala chini ya kivuli cha gari na kofia usoni. Sittou alikuja, akaangalia kwa haraka kwa sababu dereva alikuwa akipiga honi.

"Umefunga mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama mkubwa."

Sittou alifungua pindo la leso yake, akatoa sindano ya shaba aliyorithi kwa mama yake. "Leo umekuwa mshonaji. Hii ni yako." Kouraichia aliichomeka kwenye ukosi wa gauni lake. Safari nzima alijitahidi asiiguse.

Jumanne asubuhi, karibu na Mahajanga, gari lilisimama. Gogo lilikuwa limelazwa barabarani juu ya mapipa mawili, na askari wanne walikuwa kando yake. Bangi ilikuwa ikiingizwa mjini kwa magari, na amri ilikuwa kila gari lipekuliwe.

"Shukeni wote. Mizigo chini," sajini alisema kwa Kimalagasi. Hakuwa mkali wala mpole. Mkononi alikuwa na spoki ndefu ya baiskeli iliyonolewa ncha. Aliichoma katika kila gunia, akaichomoa, akainusa, akaendelea.

"Na kuku wangu utawachoma?" aliuliza mwanamke mwenye tenga.

"Wakinyamaza, sitawachoma."

Akafika kwenye godoro. Spoki ilipita ndani ya sufi kama inapita hewani. Akachoma ubavuni. Spoki ikakwama. Sajini akaichomoa, akainusa, safari hii mara mbili.

"La nani hili?"

"Langu," Sittou alijibu, kwa Kimalagasi chenye lafudhi ya Kikomoro. "La bibi arusi. Halikatwi."

"Sitakata kitambaa, mama. Nitafumua mshono." Akatoa kisu. Akaingiza mkono na kutoa kifurushi cha majani makavu ya mgomba, chenye unene wa gunzi la mahindi. Kisha cha pili. Vilipofika vinane vilipangwa chini, na harufu ya bangi haikuhitaji kuelezwa.

Hapakuwa na aliyecheka tena. Dereva, mtu mnene aliyeitwa Attoumane, alivua kofia. "Sajini, gari hili ndilo jembe langu."

"Gari litabaki hapa mpaka tujue mwenye mali," sajini alisema. Akamgeukia Sittou. "Nani alifunga hapa?"

"Mtoto wangu huyu, kwa mkono wake," Sittou alijibu. Hata katika saa ile, aliisema kwa fahari.

"Basi mtaandamana nami nyote wawili."

Kouraichia alimtazama Fazul. Alikuwa ameketi juu ya jiwe akitafuna karanga. Alimtikisia kichwa polepole, kama mtu anayemkumbusha mtoto ahadi. Hapo ndipo Kouraichia alipoelewa kwamba uongo wake haukuwa siri yao wawili. Ulikuwa ngao ya yule mtu, na aliyeishika ngao hiyo ni yeye.

"Sikufunga mimi," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Sikufunga mimi! Nilikwenda kutazama mpira. Alifunga yeye." Alinyoosha kidole. "Mama mkubwa hajui. Nilimdanganya."

Fazul alicheka. "Mtoto ameshikwa na hofu, sajini. Mimi hata kifungo sijui kukishona."

"Neno lake na neno lako," sajini alisema. "Yeye ameshasema uongo mara moja."

Ndipo Sittou alipopiga magoti kando ya godoro. Kisu hakikuwa kimefumua mshono wote. Aliupitishia kidole chake kizima, mara moja, mara ya pili.

"Sajini, njoo uone. Hii mishono miwili ya mwanzo ni ya mtoto. Inainamia huku, kama yangu ya ubavu mzima. Inayofuata yote inainamia kule. Aliyeishona alishika sindano kwa mkono wa kushoto."

Sajini aliinama, akautazama mshono.

"Wa ndizi!" mwanamke mwenye kuku alimaka.

Sajini hakuuliza habari za ndizi. Aliomba mfuko wa Fazul. Chini kabisa, ndani ya soksi, mlikuwa na kitonge cha uzi uliopakwa nta, uzi wa matanga. Sajini akaulaza kando ya mshono. Rangi moja, unene mmoja, nta moja. Fazul akaacha kutafuna.

Maelezo ya Kouraichia yaliandikwa mstari kwa mstari, na ilimpasa ayarudie yote mbele ya watu, pamoja na sehemu ya mpira.

"Mpira uliishaje?" sajini aliuliza bila kuinua kalamu.

"Makuli mawili, madereva moja."

"Bao la pili lilikuwa la mkono!" Attoumane alilalamika, na rangi ikaanza kumrudia usoni.

Gari liliruhusiwa. Fazul alibaki. Godoro nalo lilibaki, kwa sababu lilikuwa ushahidi. Walipopanda, Sittou alinyoosha kiganja. Kouraichia akaitoa sindano ya shaba kwenye ukosi wake, akaiweka pale. Sittou akaifunga tena kwenye pindo la leso yake, na gari likaenda mpaka Tanambao.

Echata alilia kidogo, kisha akaleta kitambaa kingine. Sufi ilipatikana sokoni, chafu, na mbegu zake zote. Siku mbili Kouraichia alichambua, akashindilia na kushona, huku wasichana wengine wakienda kupakwa hina. Alhamisi alasiri alifunga shubiri ya mwisho. Vidole vyake vilikuwa na matundu kama chekeche.

Sittou alipitisha kidole kwenye mshono kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umefunga mwenyewe?"

"Muulize Echata. Alikuwepo."

"Nakuuliza wewe."

"Nimefunga mwenyewe, Mama mkubwa."

Sittou akaketi juu ya godoro jipya, akamvuta akae karibu naye.

"Sikiliza. Kutazama mpira si kosa. Mimi mwenyewe ningekwenda. Ungeniambia, 'Mama, amefunga yule mtu,' ningefumua palepale tukayaona ya ndani, naye angebaki Antsahampano na mali yake. Mshono mbaya unafumuliwa na aliyeushona, haumwumizi mtu. Lakini uongo ukiuacha umefungwa, atakuja kuufumua mwenye kisu. Juzi umeufumua mwenyewe, umechelewa, lakini umeufumua. Ndiyo maana mimi ninalala hapa na si rumande."

Kisha akafungua pindo la leso, akaitazama sindano ya shaba, akalifunga tena pindo.

"Utaipata kwa godoro lijalo," alisema. "Sasa nenda ukapakwe hina kabla haijakauka bakulini."