Lori Lililokula Simsim

Kila Alhamisi Lukumani wa Koboko alipakia muhogo na simsim za akina mama wa Kuluba. Alizipeleka Arua kwa lori lake kuukuu la dizeli. Mwaka 1978 safari hizo zilikatika. Dizeli ilipotea. Lakini haikupotea kwa kila mtu. Mapipa yalipita barabarani yamefunikwa turubai, yakaingia nyuma ya nyumba za wakubwa. Sisi tuliambiwa, njooni kesho. Hatujasahau.

Mkewe, Medina, alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Mkunga alimwonya kwamba mara hii asingoje uchungu nyumbani. Awe hospitali ya Arua kabla ya Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Lukumani alikuwa na lita tano tu za dizeli, dumuni. Kufika Arua, lori lilihitaji mara tatu yake.

Wachuuzi wa Vurra, mpakani na Kongo, walimwambia kwamba injini ya dizeli inaweza kula mafuta ya kupikia. Maneno yao yalikuwa kweli, lakini nusu. Lukumani hakuuliza nusu ya pili. Alinunua debe la mawese ya Kongo, akalimimina lote kwenye tangi.

"Mafuta ni mafuta," alimwambia Medina.

Mchana ule jua lilikuwa kali. Lori liliwaka, likazunguka soko likinuka jikoni. Akina mama walimfuata wakimwuliza sambusa ni bei gani. Lukumani akacheka nao.

Kesho yake asubuhi mvua ilinyesha, kukawa na baridi. Lori halikuwaka. Mawese yalikuwa yameganda ndani ya bomba kama samli. Lukumani alijaribu mpaka betri ikachoka. Medina alisimama mlangoni, mkono tumboni.

Lukumani akamwendea fundi Constantino. Mzee huyo alitunza injini za kinu cha pamba miaka mingi. Pamba yetu ilikwenda mbali, na yeye hata cheti hakupewa. Elimu alirudi nayo kichwani. Alifungua bomba, akachota mawese kwa kidole.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi, Mzee. Walisema gari inakula mafuta."

"Inakula. Lakini ulimi yetu inatudanganya, Lukumani. Ya taa tunaita mafuta, ya gari mafuta, ya sufuria mafuta. Jina iko moja, tabia iko mbali mbali. Hii ya sufuria iko nzito. Kama iko baridi, injini haiwezi kumeza. Lazima ipate moto kwanza."

Alifanya kazi siku mbili. Aliyamwaga mawese, akabadili chujio. Akafunga tangi la pili, dogo, la zile lita tano za dizeli. Ndani ya tangi kubwa alipitisha bomba la shaba lililobeba maji ya moto kutoka kwenye injini. Maji hayo yangepasha mafuta. Kati ya matangi mawili akaweka koki. Kisha akamfundisha Lukumani mpaka akaweza kusema mwenyewe: unawasha kwa dizeli, tangi kubwa likipata moto, unageuza koki injini ile mafuta ya kupikia; kabla ya kuzima, unarudi kwenye dizeli dakika tano, ili mabomba yabaki safi.

Mafuta yalitoka kwa jirani, Mama Kulusum, mkamuaji wa simsim. Mitungi yake ilikuwa imetulia wiki tatu kwa kukosa gari la kwenda sokoni. Alichota ya juu tu, maana takataka hulala chini. Akayapasha polepole hadi mapovu yakaisha, kwa sababu mapovu yale ni maji. Yalipopoa akayachuja kwa nguo nzito. Lukumani alimwuliza ampe nini.

"Fikisha Medina," alisema Kulusum. "Dada yangu nilimzika hapa hapa, kwa kukosa gari."

Jumamosi waliondoka. Katikati ya njia, askari wa kizuizi akaamuru gari lizimwe. Lukumani aligeuza koki, lakini dakika tano zilikuwa bado. Akizima sasa, lori likipoa litagoma tena. Medina akatoa kichwa dirishani.

"Afande, ngoja kidogo. Gari yetu imekula simsim. Lazima isukutue mdomo kwanza."

Askari alinusa moshi, akacheka, akawaita wenzake. Siku zile matajiri wa magendo waliitwa mafuta mingi. Akamwambia Lukumani kwamba leo ameona mafuta mingi wa kweli, na shati lake limetoboka. Walingoja. Dizeli ikapita, injini ikazimwa, mizigo ikakaguliwa. Lukumani alipowasha tena, lori likaitika mara moja.

Jumatatu daktari alimpasua Medina, akatoa mtoto wa kike mzima. Alisema nyumbani wangekufa wote wawili.

Baada ya wiki mbili lori lilirudi Koboko na simsim tangini. Mzee Constantino alisimama kando ya barabara, akisikiliza injini. Medina alishuka polepole, akamnyooshea mtoto. Mzee akaficha mikono yake nyuma.

"Iko na grisi, mama."

"Najua," alisema Medina. "Hiyo grisi ndiyo ilitufikisha. Mshike hivyo hivyo."

Akamweka mtoto mikononi mwake.