Jozi Tatu Mlangoni

Habari hii nilipewa na binamu yangu, mwaka ule tulipokuwa tumeshaota mvi sote wawili, tukichambua mchele. Wakati wa kisa chenyewe alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja, na kila Jumamosi alimbebea shangazi yake mkoba wenye karatasi za maswali.

Shangazi huyo watu walimwita Bibi Maswali. Ndiye mwanamke wa kwanza pale mjini kusomea namna watu wanavyoishi katika jamii. Wasomi wenzake walimcheka: "Mwanamke mzima, kuzurura kwenye majiko ya watu!" Naye aliwajibu, "Mji hauonekani kutoka dirisha la ofisi. Pigeni hodi."

Jumamosi moja alimtuma binti peke yake kuuliza maswali nyumba ya mwisho. Lakini watoto wenzake walikuwa wakiruka kamba, na moyo wake ulikuwa huko. Hakupiga hodi. Aliona jozi tatu za kandambili ndogo mlangoni, akaandika: watoto, watatu; mama, hana kazi. Huyoo, akatimua mbio.

Alisahau jambo moja. Bibi Maswali hakuhifadhi karatasi yoyote kabla ya kumsomea yule aliyejibu. Alasiri wakarudi pamoja kwenye nyumba ile, shangazi akasoma:

"Mama, sikiliza majibu yako. Watoto watatu. Kazi, hana."

Mwenye nyumba, aliyekuwa akikamua nguo, aliiacha akaketi chini.

"Nani kasema? Ninao wawili, wamelala ndani. Wa tatu nimemzika juzijuzi. Viatu vyake nimeshindwa kuviondoa." Akaonyesha ndoo zilizojaa maji kando yake. "Na kazi sina? Kwani hizi ndoo zinajijaza zenyewe?"

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi, mama. Sikukuuliza. Nilihesabu viatu. Nisamehe."

Shangazi hakumgombeza. Alimpa kalamu tu. "Haya, uliza sasa."

Akauliza. Mama akaeleza: maji alfajiri, kuni, kupika, kufua, siku tisa za kuuguza homa. Akataja jina la mtoto, na jinsi alivyocheka akioga.

"Tangu mazishi kila mtu ananiambia nyamaza," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Karatasi ililowa machozi ya binti.

"Mwanangu," shangazi akasema, "kuandika usichokiuliza ni uongo, hata kama hesabu ingetimia. Mtu si viatu vyake. Muulize, kisha umsikilize mpaka amalize."

Binti alikunja mikono ya gauni, akashika nguo zilizobaki, akazikamua moja moja. Mama alimtazama, mgongo ukutani, akitaka kusema aache. Kabla hajasema, usingizi ulikuwa umeshamchukua.